Vidonge Ulivyosema ni Vitamini

Dada mpendwa,

Watoto hawajambo, na cherehani imetengenezwa. Pua nayo ilikuwa imezibuka, nikawa nakusifu kwa kila mteja kwamba dada yangu mwenye duka la dawa ameniponya sinasi, ule uvimbe wa ndani ya pua.

Jana daktari aliutazama uso wangu uliovimba, kisha akavikagua vidonge vyako.

"Hivi ni vya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe. Kwa sinasi hunywewa siku chache tu. Wewe umekunywa miaka miwili? Nani alikupa?"

Uliniambia ni vitamini, dada. Sasa nina kisukari, mifupa imedhoofika, na hata kuviacha ghafla ni hatari.

Nilimjibu kwamba nilivinunua sokoni. Uongo huo unanichoma. Jumatatu narudi kwake, na nitalitaja duka lako.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea.