Ndege Iliyotua Mtoni Kwetu

Dada Zoraida mpendwa,

Sisi wazima. Muhogo umekomaa, na yule tetea wako ametotoa.

Juzi ndege ya vita ilitua mtoni mbele ya nyumba, ikaelea kama bata hadi chini ya miti yetu. Wanajeshi wetu wakaifunika matawi, maana ndege za adui zilikuwa zinaisaka. Mume wangu Eleuterio akamwambia luteni, "Bwana mkubwa, hapa pana watoto!"

Luteni akacheka. "Basi wafundishe kunyamaza."

Jana adui alizunguka juu yetu. Tulilala matopeni, nikamziba binti yetu Orfelina mdomo mpaka akaning'ata kidole. Hatukuonekana. Baadaye ndege yetu iliondoka, lakini mabomu wameyaacha chini ya sakafu yetu. Luteni ameapa kwamba tukihama, tutahesabiwa majasusi.

Kwa hiyo mimi na Eleuterio tunabaki. Napika juu ya mabomu, dada, ili wanajeshi wauone moshi wetu wadhani sote tungalipo. Watoto nimewaambia wanakuja Iquitos kula sikukuu kwako. Ndio hao waliokukabidhi barua hii. Wakumbatie, na usiisome kwa sauti.

Mdogo wako,
Hermelinda