Mchanga wa Bwejuu

Jumatatu, 6 Julai 1970

Maji ndoo mbili kabla ya skuli. Nimeyachota pwani, nikapanda nayo ngazi, nikayamimina polepole kwenye sanduku la samaki. Mkono unaniuma. Samaki wote watatu wazima: wawili wenye milia, na yule wa kijani tusiyemjua jina.

Sanduku ni la Kaka Nassor. Kalitengeneza mwenyewe kwa vioo vya kabati la duka lililofungwa. Chini ni kioo kitupu. Anasema mchanga unaficha uchafu, maji yakianza kuoza huoni. Mimi nataka mchanga. Yule wa kijani hatulii. Kila magharibi anainamisha kichwa na kugonga pua chini, tk, tk, kama anabisha hodi. Ananitia huruma. Ananitisha pia.

Sikumwambia kaka. Mimi simwambii mtu kitu. Darasani najua jibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nalimeza kwa lugha zote mbili.

Jumatano, 8 Julai

Siku hizi kaka haishi kwenda Bwejuu, pwani ya kusini. Eti ana rafiki huko. Leo karudi na mfuko wa mchanga. Mweupe, laini kama unga wa ngano.

"Haya, mchanga wako."

Wangu? Nani kamwambia?

Tumeuosha mpaka maji yakawa safi, tukautandaza. Ilipoadhiniwa magharibi, samaki wa kijani akalala ubavu, akajitikisa, akaingia mchangani. Kaisha. Kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi. Pamebaki kituta kidogo. Kinapanda, kinashuka. Anapumua humo.

Bibi kaona. "Samaki gani huyu anajizika mwenyewe?" Mama kacheka, kamwambia hata pono analala. Bibi hakucheka. Katwaa kanga yake kuukuu, kalifunika sanduku.

Ijumaa, 10 Julai

Asubuhi anatoka, magharibi anaingia. Nimewasha taa mapema nimdanganye. Hadanganyiki.

Kaka anakaa kumtazama mpaka azame. Chakula hagusi. Leo kanishika bega tukiwa peke yetu. Nisiuguse mchanga, na asije mtu mwengine akautia mkono. "Muacheni alale," kasema. Uso wake mtulivu mno. Sikuupenda.

Jumatatu, 13 Julai

Kaka hayupo tangu jana. Kitanda kimetandikwa. Yeye hatandiki kitanda.

Mama anaangusha vyombo. Sote tunajua. Wanaotoroka Unguja kwa mashua huondoka hivyo, bila kuaga, ili nyumbani wakiulizwa wasiwe na la kujibu. Wakikamatwa... sitaki kuandika.

Samaki wa kijani hakutoka asubuhi. Kituta kipo. Kinapumua.

Nimejiambia jambo la kipuuzi: maadamu huyu kalala, kaka yu salama. Upuuzi mtupu. Naamini.

Jumanne, 14 Julai

Wamekuja watu wawili wa serikali. Kwa adabu zao. "Shikamoo Bi Mkubwa." Bibi kawaitikia marahaba bila kuinua macho. Wamemuulizia kaka. Mama kasema yuko Tunguu kwa mjomba wetu, analima.

Yule mfupi kalifunua sanduku. Kaingiza mkono, kachota mchanga kwa vidole, kausugua. Kituta kilikuwa pembeni tu ya mkono wake.

"Mchanga mzuri huu. Wa wapi?"

Sauti ikatoka, kumbe yangu. "Wa hapo Funguni."

Kanitazama. "Funguni kuna mchanga kama huu? Mie mtu wa mjini, mchanga siujui. Kesho ntakuja na mwenzangu. Yeye kazaliwa pwani ya kusini, mchanga wa kwao ataujua tu." Kacheka. Na sisi tukacheka. Kalifunika sanduku, wakaondoka.

Upepo wa kusi unavuma vibaya wiki hii. Labda mashua haijaondoka. Labda kaka bado kajificha hukohuko Bwejuu, anangoja bahari ilale. Mchanga huu utawapeleka mpaka mlangoni.

Mama kasema toa. Nikasema kaka kakataza. "Kaka yako hakujua kama watakuja," kasema Mama.

Jumatano, 15 Julai

Sikwenda skuli. Nimeutoa kwa upawa. Nimeanza pembe ya mbali na kituta, kukichelewesha. Mwisho kimebaki chenyewe. Kilikuwa kinapumua mpaka upawa ulipokigusa.

Chini yake hamna kitu.

Nimeuchekecha mchanga wote kwa chekeche ya unga. Hamna samaki. Hamna mwiba, hamna gamba.

Tuupeleke wapi? Mchanga mweupe vile, ukiumwaga uchochoroni kila apitaye atauona. Bibi ndiye aliyejua. Chumbani kwa kaka ukuta umebanduka lipu tangu masika. Kauchanganya mchanga na chokaa, kapiga kiraka kwa viganja vyake, mimi nampa madonge. Kasema mchanga wa bahari haufai ukutani, unatoa chumvi, ukuta utalia. "Lakini hautasema."

Alasiri wakaja. Mtu wa pwani, mrefu, mpole, katazama kioo kitupu na wale wawili wenye milia. Mama kawaambia mchanga ulikuwa unanuka, tumeurudisha baharini. Yule mrefu kaniangalia vidole. Chokaa kwenye kucha.

"Mnapiga lipu?"

"Naam."

Nilihesabu pumzi zangu. Kisha kamwambia mwenzake, "Twende zetu, hapa hamna kitu."

Sijui aliona nini. Sitajua.

Jumamosi, 29 Agosti

Hawajarudi. Habari ya kaka hakuna, nzuri wala mbaya. Chini ya sanduku ni kioo kitupu, kama alivyotaka mwanzo. Wenye milia hawajali.

Kiraka hakikauki. Chumvi inachomoza, nyeupe. Magharibi kinavimba kidogo, usawa wa kifua changu. Naweka kiganja. Baridi. Kinapanda, kinashuka.

Leo Mama kaja na brashi na ndoo ya chokaa, anataka kupapaka kabla ya wageni wa Jumapili. Nikasema usipake. Nilisema kwa sauti. Kaganda na brashi mkononi, hajazoea kunisikia. Kisha kaiweka chini, kaweka kiganja chake karibu na changu. Tumekaa hivyo mpaka kiza. Hakuniuliza.

Bibi kaingia na kanga yake kuukuu. Kapiga misumari miwili, kaitundika juu ya kiraka.

"Muacheni alale," kasema.

Yeye hakuwepo siku ile kaka aliponiambia.

Kesho maji ndoo mbili.