Kifo cha Rosmari ya Bustani Na. 9

CHAMA CHA BUSTANI "JUA LA ASUBUHI", MILIMA YA ERZGEBIRGE
Kikao cha kamati, Jumamosi 6 Aprili 2013, saa 4:00 asubuhi, nyumba ya chama

Waliohudhuria: Bw. Eberhard Kretzschmar (Mwenyekiti), Bw. Siegmar Wunderlich (Mhazini), Bi. Gudrun Oehmichen (mjumbe, mwenye Bustani Na. 9), Bw. Reiner Zschoche (Katibu).
Hakuwepo: Bi. Heidrun Seltmann (mafua, keki aliituma).

KUMB. NA. 1/2013: TANZIA
Mwenyekiti alitangaza kwa masikitiko kwamba rosmari ya Bustani Na. 9, kichaka cha kiungo chenye umri wa miaka kumi na moja na urefu wa mita moja na robo, ilifariki dunia kwa baridi ya nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Wajumbe walisimama dakika moja. Bi. Oehmichen alibaki ameketi. Alipoulizwa, alijibu: "Nimetoka hospitali juzi, nyonga hii. Na huyo mnayemzika sijamwona." Mwenyekiti aliipokea sababu ya kwanza.

KUMB. NA. 2/2013: CHANZO CHA KIFO
Mhazini alisema ni baridi tu. "Mmea wa kusini huo, mama. Huku kwetu hata mbwa wanavaa koti."
Bi. Oehmichen alieleza kwamba rosmari inauawa zaidi na kiu: jua la Februari hukausha majani huku udongo umeganda na mizizi haipati kitu. Ndiyo maana kila mwaka huifunika kwa matawi ya msonobari, na barafu ikiachia huipa maji kidogo. Safari hii alikuwa amelazwa, na bomba la chama lilitiwa kufuli tangu Oktoba.
"Kifungu cha 12 cha kanuni," alisema Mwenyekiti. "Mabomba yakipasuka kwa baridi, utayaziba wewe?"
"Eberhard, hicho kifungu cha 12 unalala nacho kitandani."
Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Katibu alikuwa ameshayaandika.

KUMB. NA. 3/2013: KUNG'OA
Kifungu cha 17 kinataka mmea uliokufa uondolewe ndani ya siku saba. Bi. Oehmichen aliomba mwezi mmoja. Alikumbusha kwamba rosmari hiyo ilianza kama kijitawi kilichobaki jikoni alipooka kondoo, Pasaka ya mwisho ya marehemu mumewe; alikitia kwenye glasi ya maji, kikatoa mizizi. Mhazini alijikatia kipande cha pili cha keki.
Kura: kung'oa, wawili (Mwenyekiti alinyoosha mkono akitazama dirishani), kuacha, mmoja. Katibu alikuwa anachonga penseli.

KUMB. NA. 4/2013: UKAGUZI
Kamati ilikwenda Bustani Na. 9 na msumeno. Mhazini alikwangua gome kwa ukucha: kahawia. Tawi la pili: kahawia. Mwenyekiti alivua kofia. Bi. Oehmichen aliinama kwa taabu, akakwangua chini kabisa, usawa wa udongo. Kijani.
Alipoegemea rundo la matawi ya msonobari yaliyobaki mwaka jana ili ainuke, yaliteleza, na chini yake likaonekana kopo la kumwagilia lenye herufi E.K.
Mwenyekiti alieleza kwamba kila barafu ilipoachia alibeba maji kutoka nyumbani kwake, kilomita moja na nusu, kwa hiyo Kifungu cha 12 hakikuguswa. Matawi ya rosmari yalipogeuka kahawia alijua ameiua yeye kwa maji hayo. "Wiki nzima sijalala," aliongeza, akaomba na hilo lisiandikwe.
"Mjinga wewe," alisema Bi. Oehmichen, akamshika mkono mpaka nyumba ya chama. Nyonga ilitajwa kuwa ndiyo sababu.
Kura ya Na. 3 ilifutwa na wote. Msumeno ulikata yaliyokauka tu.

Keki ilikwisha saa 5:40, na kikao pia.

E. Kretzschmar, Mwenyekiti
R. Zschoche, Katibu

Nyongeza ya Katibu: rosmari iliyobaki ilipimwa kwa rula. Ni sentimita nne.