Kaka Sefu, Mama Anakutafuta Kwenye Kompyuta

Kaka Sefu, shikamoo. Itikia hapo ulipo, hata kama sitasikia.

Naandika hapa penye macho ya watu kwa sababu sina anwani yako. Huenda kati ya wasomaji yumo aliyekutana nawe kwenye bandari fulani, akakujua kwa lile kovu la juu ya jicho. Mie unanijua, mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Kwenye karatasi najikaza.

Unakumbuka siku uliyonipeleka mjini, kwenye lile duka la intaneti? Mwalimu wa jiografia alitupa kazi ya bayomu, yaani namna dunia ilivyogawanyika kwa hali ya hewa na viumbe wake: majangwa, mbuga, misitu ya mvua, nchi za barafu. Kitabu kilikuwa kimoja darasa zima, na kurasa zenyewe zimechanwa. Wewe umetoka bandarini kubeba mizigo, jasho halijakauka, ukasema, "Twende. Eti dunia yote imo mle ndani."

Kijana wa pale akatufungulia tovuti ya wanafunzi. Wewe ndiye uliyesoma kwa sauti, Kiingereza chako cha darasa la saba, maana mie niliona haya hata kugusa kile kipanya. Ulipofika kwenye neno taiga ukapiga paja.

"We Mwana, ona! Wazungu wameandika Kiswahili. Taiga! Sasa ndio tunamwona chui wa milia."

"Braza," yule kijana akasema bila kugeuka, "hilo ni pori la Urusi, sio paka."

Duka zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe ukacheka kuliko wote. "Ngoja picha imalizike, tutajua nani mshamba."

Picha ikawa inashuka polepole, mstari kwa mstari. Kwanza anga ya kijivu, halafu vilele vya miti, halafu theluji. Ukaacha kucheka. Ukasogeza uso karibu na kioo, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Pakimya, eti?" Nilidhani unanisaidia kazi ya shule. Mie nilikuwa nanakili majina ya miti. Wewe ulikuwa unatazama mahali pa kwenda.

Vuli ilipoanza kunyesha hukuwepo. Sisi wa Temeke, tunaosikia honi za meli tukiwa vitandani, hatuhitaji kuelezwa kuzamia ni nini: kijana anajificha ndani ya meli ya watu na kwenda iendako. Rafiki yako Chande, uliyezamia naye, amerudi peke yake, kakonda, hataki kukaa na watu. Anasema mliachana kwenye bandari moja ya kusini, wewe ukapenya kwenye meli nyingine, ya kwenda nchi za baridi. Baada ya hapo hajui. Ila majirani wanajua. Pale bombani wanasema wazamiaji wakibambwa hutoswa baharini. Nikifika na ndoo yangu, wananyamaza.

Mama hakulia. Alikaa siku nyingi akiwaza, kisha akaniita.

"Mwana, ile mashine si inaonyesha miti ya Urusi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa itashindwaje kumwonyesha Sefu?"

Nilimweleza haiko hivyo. Akanitazama kama nimemnyima maji. "Wewe nenda tu, ukatazame."

Basi naendaga, kaka. Nafungua kurasa zile zile, narudi kumsimulia mama: huko kuna baridi ya namna hii, kuna kulungu wakubwa, kuna kuvumwani, ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe. Ananiuliza watu wa huko wanakula nini. Kurasa hazisemi. Zinataja mvua, udongo, mizizi, manyoya, mtu hayumo. Na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu mie nimeanza kumwona. Picha inaposhuka, kabla theluji haijafika, kunakuwa na kitu cheusi kati ya miti, na najua ni mabega yako. Ikimalizika, ni gogo. Nafunga. Nafungua tena.

Juma lililopita baba mkubwa alikuja na neno lake. "Inatosha. Tumsomee hitima. Marehemu asiye na dua anahangaika." Mashehe wakaalikwa, shangazi zetu wakakaa ukumbini kuchambua mchele. Ndipo mama akaniita katikati yao.

"Wewe ndiye msomi wetu. Zipo sehemu duniani ambako mtu anaweza kuwa hai, akashindwa kuleta hata salamu?"

Nyungo zote zikatulia. Macho yote kwangu. Na mie, nisiyejua kuongea mbele ya watu, nikaongea.

"Zipo, mama. Nyingi."

"Kwani umefika wewe?" baba mkubwa akaniuliza.

"Amesoma, shemeji," mama akamjibu, akainuka, akaanza kuurudisha mchele guniani.

Hitima haikusomwa. Tangu siku hiyo mama anakula, anaongea, juzi kacheka. Mie chakula hakipiti.

Kaka, kama u hai, tuma neno, hata moja, hata kwa mdomo wa mtu. Na kama umekufa, usiende kumtokea mama, njoo kwangu. Mie ndiye niliyekuzuilia dua, na sijui nitawaambiaje waianze.

Mdogo wako,
Mwana