Ziwa Halipandwi

Marahaba, mjukuu wangu Agatha. Huku Mbamba Bay tu wazima. Kule kwetu Matiri kaka yangu amemaliza kuchuma kahawa, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Unaniuliza kama siogopi, bibi mzima kujiandikisha kwenye mashindano ya kuogelea ziwani, kisha baiskeli, kisha mbio. Baiskeli na mbio haziniogopeshi, nimekulia milimani. Maji nayaogopa, sikufichi.

Nilipoolewa huku, wifi yangu Magreti alinipeleka ziwani kuoga. Maji yaliponifika kifuani niliteleza, nikaanza kuyakanyaga na kuyakamata kama mtu anayepanda mlima wa kwetu na mzigo wa kuni. Kadiri nilivyopanda, ndivyo nilivyozama. Magreti akanishika kisogo, akasema taratibu, "Wifi, ziwa halipandwi. Lala."

Nikalala chali kwenye kiganja chake, masikio majini, mbingu yote juu yangu. Sijui aliuondoa mkono saa ngapi.

Juzi nikiwa mazoezini mawimbi yalinikuta mbali na ufukwe, na mwili ukaanza tena kupanda. Nikakumbuka, nikalala hadi pumzi iliporudi, kisha nikaendelea.

Siku ya mashindano Magreti atakaa ufukweni na kanga yangu kavu mapajani. Macho yake siku hizi hayafiki mbali. Amesema hataniuliza nimekuwa wa ngapi. Ataniuliza kama nililala.

Ni mimi bibi yako, nywele bado mbichi kwa maji ya ziwa.