Nilimfunika Mshauri kwa Leso

Jumamosi, Kitale. Mvua imeanza kwa nguvu, ile ya kupanda, na matope ya hapa nje yamemeza kiatu changu kimoja. Lakini nimeshinda nikicheka. Ningeimba pia, shida ni majirani.

Kwa wageni: mimi ni Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Shule sikuikanyaga. Naiambia simu maneno, simu inaandika, halafu mjukuu wangu Mercy ananyoosha pale ilipopotoka. Nimemwambia akiongeza utamu wake nitamnyima chapati, kwa hivyo haya yote ni yangu.

Mzee wangu alifariki mwaka jana, kwetu Bungoma. Baada ya matanga, binti yangu Naliaka akanileta hapa Kitale, ati "upumzike kidogo, Mama." Kidogo hicho kimekuwa kirefu. Watu wanafikiri nimekaa kwa sababu Naliaka amenikatalia kurudi, na mimi nikawaacha wafikiri hivyo. Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa kufungua mlango wa ile nyumba na kukuta kiti chake kitupu.

Mimi, niliyemfukuza fisi kwa mwiko, naogopa mlango.

Na sasa mvua imefika. Kwetu ukichelewa kupanda, unalia mpaka mwaka mwingine. Shamba likilala msimu huu, watu wataanza kusema lile boma limekufa, na mimi nitawaamini.

Ndiyo usingizi ukapotea. Chakula kikawa kama majani makavu mdomoni. Mercy akaniambia kuna washauri nasaha wanaozungumza na watu kwa simu, mnaonana kabisa. Nikamuuliza, "Kwani mimi niko na wazimu?" Akasema, "La, Kukhu, uko na huzuni." Nikamwambia huzuni si malaria. Akasema basi jaribu mara moja tu, ukichukia uache. Mtoto huyo anajua kubembeleza, amerithi kwa babu yake.

Siku ya kwanza nilijitayarisha vile mtu hujitayarisha kwa mgeni. Nikafagia, nikavaa nguo ya kanisa, nikachemsha chai ya maziwa thermos nzima. Mercy alicheka mpaka akakaa chini. "Kukhu, mtu yuko Nairobi! Chai ataipokea wapi?" Nikamwambia mgeni ni mgeni. Nilikunywa kikombe chake na changu.

Kijana akatokea kwenye kioo, ndevu kidogo, sauti tulivu. Anaitwa Brian. Akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia pole pole bana, kwanza wewe ni wa nani? Siwezi kumwaga moyo wangu kwa mtu ambaye sijui ukoo wake. Akacheka, akasema baba yake ni Mbukusu, akanitajia ukoo.

Uuuwi! Ukoo ule ule wa mkwe wangu, mume wa Naliaka!

Ninyi mlio mbali niwaeleze. Sisi Wabukusu, mama hamtazami mkwe wake machoni. Siwezi kumpa mume wa Naliaka mkono, wala kulala chini ya paa lake, ndiyo maana nimepangishiwa chumba kwenye ploti ya jirani. Tukikutana njiani, mmoja wetu anachepuka. Juzi yeye alichepukia langoni kwa watu, akafukuzwa na mbwa, na mimi nilijizuia kucheka mpaka nikafika chumbani. Hiyo si chuki. Ni heshima. Na ndugu zake wa ukoo ni wakwe zangu vile vile, hata wakiwa ndani ya simu.

Basi nilimfunika. Nilitoa leso mabegani nikaitupa juu ya simu.

"Mama, nimekupoteza?" sauti ikauliza kutoka chini ya leso.

"Hujanipoteza. Wewe ni mkwe. Ongea hivyo hivyo."

Halafu nikasikia kiti kikiburutwa. "Sawa, Mama. Na mimi nimegeukia ukuta."

Hapo ndipo nilimpenda mtoto wa watu.

Tangu siku hiyo tunaongea hivyo, yeye na ukuta wake, mimi na leso yangu. Na nimegundua kitu. Uso ukiwa hauonekani, mdomo unafunguka. Yeye anauliza swali fupi, halafu ananyamaza, na huko kunyamaza kwake kunanitoa maneno ambayo sikujua ninayo. Nilizoea kunyamaza na Mzee tu.

Leo asubuhi aliniuliza, "Mama, Mzee angekuwa hapo mbele yako sasa, ungemwambia nini?"

Nilitaka kusema yale ya mazishini. Ati lala salama, ulikuwa nguzo yetu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikipanda juu ya mvua.

"Wewe mzee! Nani alikutuma uende mbele yangu? Si tulipatana tutazeeka pamoja tukisumbua watoto? Umeniachia ng'ombe mkaidi, na paa linalovuja, na kitanda kikubwa cha kazi gani? Nimekukasirikia! Sikia vizuri, nimekukasirikia sana!"

Nikapiga meza. Simu ikaruka na leso yake.

Mara nikasikia miguu ikikimbia kwenye matope. Mkwe wangu alikuwa kwake, ng'ambo ya ua, akichimba mtaro wa maji, akasikia mama mkwe wake anagombana na mwanamume chumbani. Alikuja na jembe. Akafika kizingitini, akakumbuka mimi ni nani kwake, akageuka. Akabaki pale amenipa mgongo, jembe juu, mvua ikimnyeshea.

"Mama! Huyo mwanamume ni nani?"

"Ni Mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wangu! Namgombeza!"

Jembe likashuka pole pole. Chini ya leso Brian akaanza kukohoa. Kikohozi gani hicho, najua alikuwa anacheka.

Ningemwambia mkwe aende zake. Lakini nilikuwa nimeshafunguka, na mgongo wa mtu ni rahisi kuuambia mambo. Nikamwambia vile ilivyo. Kwamba si Naliaka anayenizuia. Kwamba ni ule mlango.

Kisha akasema, macho yake bado kwa lango, "Mama, mama yangu alipokufa, jikoni kwake niliingia nikatoka. Nikaingia tena, nikatoka. Siku ya kwanza sikukaa. Kwani nani alisema lazima ukae?"

Nikaisawazisha leso juu ya simu.

"Naliaka ataingia na wewe," akasema. "Mimi nitangoja barabarani na mbegu."

"Mbegu gani?"

"Ziko kwa nyumba, na mbolea pia. Nilikuwa naogopa kukuambia. Ungesema nakufukuza."

Ona sisi! Watu wazima wawili, kila mmoja na woga wake, tunachepukiana njiani.

Naliaka alipotoka sokoni tukamweleza. Alilia kidogo, akanikaripia kidogo. "Yaani siku zote hizi unaniacha niitwe askari jela!" Nikamwambia hakuna askari jela anayepika hivi. Mchana nilikula ugali na mboga ya saga, nikajiongezea bila kuombwa, na Naliaka na Mercy wakajifanya hawaoni.

Niseme hili kwa wanawake wa umri wangu. Nilidhani kuzungumza na mshauri kwa simu ni michezo ya watoto wa mjini. Kumbe ni kama kumpa mtu mguu akutoe mwiba. Hatembei kwa niaba yako. Wewe ndiye unayetembea, ila sasa unaweza.

Huzuni bado iko, nisiwadanganye. Nilimuuliza Brian kama ni dhambi kumkasirikia marehemu. Akasema, "Mama, inaonekana hujamaliza kugombana naye. Ukifika huko, endelea. Halafu unipigie simu tuongee." Kijana mzuri. Angekuwa si mkwe, ningemtafutia mke.

Jumanne tunaenda Bungoma. Najua nitasimama mbele ya ule mlango na woga utanishika. Unishike. Sitabisha hodi kama mgeni. Nitausukuma kwa bega, na nitaingia nikimgombeza.