Kwa Abdulwahid, Aliyepiga Hodi Kabla ya Kupiga Picha

“Bwana Abdulwahid, hiyo ndia tupu waipiga picha ya nini?”

Ndivyo alivyokuuliza jirani yetu Bi Rawiya kutoka dirishani, njia nzima haina mtu, mwaka ule wa korona. Nawe, mpiga picha za pasipoti maisha yako yote, ukamjibu: “Leo imetulia, Bi Rawiya. Siku zote huwa haikai kitini.” Akacheka mpaka tukamsikia sisi ndani. “Huyu korona imemwingia kichwani!”

Mwaka umezunguka, Baba Ruba, tangu Mola akuite. Alhamdulillahi, tumesimama. Studio yako anaifungua mwanao Ayman kila asubuhi, na mimi mkeo nakuandikia haya moyo wangu ukiwa umetulia.

Ulikuwa mtu wa taratibu. Kofia yako uliifua mwenyewe, hukumwachia mtu. Watoto wa madrasa uliwapiga picha za vyeti ukawaambia malipo ni Fatiha moja, na uliidai hapo hapo.

Misikiti ilipofungwa na Idi ikaswaliwa majumbani, ulitoa ile kamera yako ya filamu ukaanza kuzunguka mitaa yetu ya Mkomani na Langoni. Filamu ulizitia kwenye friji karibu na samaki wangu, nikagomba weee. Ulizisafisha chooni gizani, mimi nimekaa nje nalinda mlango usifunguliwe, mwenye haja na avumilie.

Lakini hukupiga picha kama mwizi. Nyumba zetu zimebanana na wanawake wako ndani, kwa hivyo ulisimama kila mahali ukaita: “Hodi! Napiga picha ya ndia!” Ukangoja mpaka sauti itoke: “Piga, hakuna atokaye.” Ukawaahidi kwamba picha zako hazitamvunjia mtu heshima. Ukirudi, tukizianika kwenye kamba, ulinisimulia kila mlango aliitika nani na alisema nini. Nikayashika yote. Kwangu mimi picha zile zimejaa watu.

Mwezi uliopita alikuja Mahdi, mtoto wa mtaa wetu, ambaye sasa ana nyumba ya wageni Ras Kitau. Simsemi kwa ubaya, alikuja na heshima zake. Alitaka picha zako azitundike kwake, zionekane. Tukafurahi. Kisha akatoa kibao alichokwisha kukichongesha: MJI ULIOKUFA.

“Wageni wanalipenda jina kama hilo, Bi Raihana,” akasema. “Na kweli, hamna hata mtu mmoja humo.”

Ruba akaniangalia. Nilijua ahadi uliyowapa watu sasa iko mikononi mwangu mimi. Nikamwambia, “Keti, mwanangu,” nikamwekea picha moja moja, nikimtajia walioitika nyuma ya kuta. Hapa Bi Rawiya yuko dirishani juu, anakucheka. Hapa kijana alikuwa akisoma Yasini, ukangoja amalize. Hapa walikuwa wakikaanga mahamri, wakakuteremshia mawili kwa kikapu.

“Umekufa wapi mji huu?”

“Jina ni biashara tu, Bi.”

Nikamwekea nyingine. Mlango wa marehemu mama yake, Bi Mwanaarabu, aliyefariki siku zile Mombasa imefungwa na Mahdi yuko huko, asiweze kuja kumzika. Mlango umefungwa, na mbele yake alama za ufagio zaonekana mchangani. Nikamweleza alivyokujibu mama yake ulipopiga hodi: “Piga, mwanangu, nishafagia. Mahdi akija akute kusafi.”

Nikamwambia picha hiyo ni yake, aichukue.

Tuliokuwa chumbani siku hiyo na Mahdi ndio sisi tunaokurehemu leo: mkeo Raihana, wanao Ruba na Ayman, na nduguyo Jamaludin. Khitma yako itasomwa nyumbani Ijumaa hii baada ya Alasiri. Ndugu na majirani, karibuni nyote. Mola akujaalie pepo ya Firdausi. Hutatoka katika dua zetu maadamu tu hai.

Na Mahdi, siku ile, aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama sana. Kisha akakiacha kibao pale mkekani, akavaa makubadhi yake, akatoka na picha ya mlango wa mamake.